Mpangaji wa Mgomba

Uandikishaji wa ardhi ulifanyika Jumamosi katika darasa la tatu la shule ya msingi, kuanzia saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, jambo ambalo Lufingo si habari. Watu walijipanga barazani, miavuli ikichuruzikia viatu vya wenzao, na kila mmoja alishika kile alichoona kinathibitisha kwamba shamba lake ni lake. Wengine walikuja na risiti za mchango wa zahanati, wengine na picha za makaburi, na mzee mmoja alikuja na jiwe lenyewe la mpaka, kalibeba begani.

Naima alikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni. Alikuwa fundi cherehani mjini Tukuyu, mtaa wa Msasani, lakini nyumba yao ilikuwa hapa Lufingo, na baba yake, mzee Yunusu, ambaye miguu ilikuwa imemchoka, ndiye aliyemtuma aje kuandikisha kiwanja kwa jina lake yeye mwanawe. Kwapani alikuwa na mfuko wenye sare ishirini na nne za kwaya ya kanisani, zote hazina vifungo. Alikuwa ameahidi kwamba saa nane mchana zitakuwa tayari.

Mezani alikaa Aika, mtendaji wa kijiji, mwenyeji wa Marangu kule Kilimanjaro, aliyehamishiwa Lufingo miezi minane nyuma. Kando yake alikaa mwenyekiti Hezron, ambaye kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba kila anayeandikwa ni mwenyeji. Aika mwenyewe hakuthibitishwa na mtu. Alikuja na barua ya uhamisho, na barua ilitosha.

"Jina?"

"Naima Yunusu."

"Ukoo?"

"Yunusu."

"Hilo ni la baba," Hezron alisema kwa upole. "Anauliza ukoo. Mwambene, Mwaipaja, Mwakalobo, mambo kama hayo."

"Mzee, si unajua sisi hatuna."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Aika alisogeza kalamu kwenye mstari wa pili. "Tuache wazi, dada. Asili?"

"Lufingo."

Hezron alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yake ilishonwa na Naima, na suti aliyozikiwa baba yake ilishonwa na babu yake Naima, tena ikamkaa vizuri. "Lufingo ni unapokaa, mwanangu. Hapa tunauliza asili."

"Nimezaliwa hapa. Nyumba ile pale, unaiona dirishani."

"Naiona. Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sikuwepo."

Foleni ilicheka kidogo, kisha ikakumbuka kwamba inalowa. Naima alisema Tukuyu. Akasema Mbeya. Akasema Tanzania, akatoa na cheti cha kuzaliwa, ambacho Hezron alikisoma pande zote mbili, akakirudisha kwa heshima na kuuliza tena. Swali hilo Naima alikuwa analijibu tangu ana miaka minne. Alilijibu sokoni, alilijibu hospitali, alilijibu harusini huku utepe wa kupimia ukining'inia shingoni mwake, na alikuwa amelichoka kwa uchovu ambao usingizi hauondoi. Ilikuwa inakaribia saa tano. Vifungo vilikuwa tisini na sita.

"India," akasema.

Hakuwahi kufika India, walikotoka wazee wake. Hakuwa na pasipoti. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Iringa, kwenye msiba, na alirudi kesho yake. Lakini darasa zima lilishusha pumzi, Aika akaandika, na Hezron akampa mkono kama mtu aliyemsaidia mwenzake kushusha mzigo.

"Si unaona? Hata haikuwa ngumu."

Alipofika mlangoni Naima alitaka kurudi aseme lifutwe. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu wa ishirini alishakaa kwenye kiti na alikuwa anataja ukoo wake kwa sauti kubwa.

Jumapili alfajiri mgomba uliokuwa nyuma ya jiko la mzee Yunusu uling'oka, ukajikung'uta udongo na kuondoka. Mzee alikuwa ametoka kutawadha, akauona ukipita uani. Aliswali kwanza, kwa sababu sala haingoji, kisha akapiga simu.

"Mwanangu, mgomba wako umeondoka."

"Upi, baba?"

"Wa kitovu chako. Umepita uani saa kumi na moja, umekata kamba ya nguo. Nadhani unakuja huko."

"Una mkungu?"

"Bado. Una majani saba. Ukifika uwekee maji."

Naima alizaliwa katika nyumba hiyo miaka thelathini na sita iliyopita. Kitovu chake kilipodondoka, jirani yao Esnath, aliyekuwa amemzalisha, alikichukua akakizika chini ya mgomba nyuma ya jiko, kama alivyofanya kwa watoto wote aliowapokea kwenye kilima kile. Mgomba wa siku ile ulishazaa na kukatwa zamani. Uliopo sasa ulikuwa kitukuu chake, au kilembwe, kwa maana migomba hurithishana shina bila maneno mengi. Kitovu kilikuwa palepale.

Mgomba ulitembea siku mbili. Ulipofika kwenye lami ulishika upande wa kushoto, ukapumzika kwenye miinuko, na mvua ilipozidi uliongeza mwendo. Wanunuzi wa ndizi waliokuwa wanapakia lori waliuangalia, wakaona hauna mkungu, wakaendelea na shughuli zao. Askari wa barabarani alisimamisha magari mawili ili uvuke. Jumatatu saa nne asubuhi ulifika Msasani, majani mawili yamechanwa na upepo, ukasimama mlangoni kwa Naima.

Naima alikuwa anampima Lilian, kiongozi wa kwaya, ambaye kiuno chake kilikuwa kimebadilika tangu Pasaka na hakutaka kukubali.

"Mgomba wako umefika," Lilian alisema.

"Nimeuona. Inua mkono."

"Utatuzibia mwanga. Na sare yangu naitaka kabla ya Jumapili."

Naima alimaliza kupima, akasogeza cherehani kwenye dirisha la upande, akachota maji na kuyamwaga taratibu kwenye mizizi. Mgomba ulitulia. Kuanzia hapo wateja waliingia kwa kupinda mgongo. Mmoja aliuliza kama utakaa sana, kwa sababu alikuwa na kabati la kupitisha. Naima alisema hajui. Alikuwa na aibu, na hakujua aibu hiyo ni mbele ya nani, maana mgomba haukuwa umesema lolote.

Jumanne Esnath alikuja mjini kupima presha. Alikuwa na miaka themanini na mwili mwepesi, na alipotoka zahanati alipitia Msasani, akaushika mgomba kwenye shina kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Gwe Naima, Jumamosi ulisema nini pale shuleni?"

"Nilisema India, bibi."

"Basi ndiyo hiyo."

Alieleza kwa kifupi. Mgomba wa kitovu ukisikia mtu wake anajikana, unamfuata. Si mara ya kwanza. Kuna kijana wa Mwakaleli aliyeoa Dar es Salaam, akawaambia wakwe zake kwamba yeye ni mtu wa Morogoro, sijui aliona aibu gani. Mgomba wake uliondoka usiku huohuo kumfuata. Ulifika Uyole ukakuta baridi na umande wa barafu, ukarudi nyumbani, na mpaka leo hauzai.

"Kitovu hakina masihara," Esnath alisema. "Wewe ulisema kwa kuchoka, mimi najua. Mgomba haujui kuchoka. Unajua maneno tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda ukafute. Na mimi nitakuja."

Haikuwa rahisi kiasi hicho. Jumatano orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na kwenye mstari wa kiwanja cha mzee Yunusu paliandikwa kwamba hakikupitishwa kwa kuwa mwombaji si mwenyeji. Kiwanja kisicho na mwenyeji kilirudi kijijini, na kijiji kilishafikiria kujenga hapo ghala la parachichi, kwa sababu pana barabara nzuri. Mwenye pingamizi alitakiwa afike mbele ya kamati Alhamisi saa tatu. Aika mwenyewe ndiye aliyempigia Naima simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeandika kitu kwa mwandiko mzuri na sasa anautazama.

Naima alifunga kibanda mapema. Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe, maana fundi huenda na cherehani yake popote. Aliogopa kwa ajili ya baba yake, ambaye asingeweza kuanza kujifunza njia ya choo cha nyumba nyingine akiwa na miaka sabini na sita. Na kando ya migomba ya nyuma ya jiko lilikuwapo kaburi la mama yake, lenye mawe manne aliyoyaokota yeye mwenyewe mtoni. Ghala la parachichi lingekaa juu yake. Hilo lilimuuma mpaka akashindwa kula.

Mgomba ulikuwa umemtangulia usiku, na Alhamisi asubuhi aliukuta chini ya kilima. Walipanda kilima pamoja, Naima na mwavuli wake, mgomba na majani yake, na Esnath akawangojea njia panda akiwa amevaa gauni la kanisani. Mlango wa ofisi ya kijiji ni mfupi. Mgomba uliinama, ukaingia, ukasimama kati ya kabati la mafaili na dumu la maji. Wajumbe watano wa kamati walivuta viti nyuma kidogo kuupisha.

Esnath alianza. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama kilima chenyewe.

"Ardhi hii alitoa baba yangu. Mwaka sabini na moja, mwaka ule majumba ya mjini yalichukuliwa, na babu yake huyu akachukuliwa duka lake, akabaki na cherehani moja na watoto. Baba yangu akamwambia njoo. Alitoa mbele ya watu, na ng'ombe akachinjwa. Nilikuwepo. Nyama nilikula."

"Hatubishi, bibi," Hezron alisema. "Alimpa mgeni. Ni jambo zuri."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa. Huyu Yunusu amelima hapo miaka hamsini. Kinyakyusa anakijua kuliko wajukuu zako, ambao wakinisalimia wananiambia mambo vipi."

Wajumbe walikubali kwamba hilo la wajukuu ni kweli. Mmoja alisema kwamba alipofiwa na mke, Yunusu ndiye aliyekaa naye msibani siku zote tatu. Hakuna aliyesema neno baya kuhusu Yunusu wala kuhusu binti yake. Waliwasifu kwa dakika kama kumi. Kisha Hezron akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari.

"Lakini imeandikwa."

"Nilisema kwa kuchoka, mzee," Naima alisema. "Uliniuliza mara saba."

"Daftari halina mahali pa kuandika kuchoka," Hezron alijibu, na alisikitika kweli. Kisha akageuza shingo. "Na huu mgomba umekuja kufanya nini?"

"Ni shahidi," Esnath alisema. "Kitovu cha huyu kimo ndani yake."

Kamati iliuchunguza mgomba. Walitazama rangi ya shina, wakakunja jani, wakanusa. Wazee wa Lufingo wanaijua migomba kama wengine wanavyojua ng'ombe, na haikuwachukua muda. Ulikuwa mgomba wa kilima kile, wa mbegu ile ile ambayo Mwakalobo, baba yake Esnath, aliigawa kwa jirani zake kabla ya uhuru. Kila mjumbe alikuwa na ndugu wa mgomba huo nyumbani kwake.

"Huu ni mwenyeji," Hezron alisema. "Hapa hakuna ubishi."

Aika aliinua kalamu. Alikuwa amesomea kilimo kabla ya kupata kazi ya utendaji, na kuna mambo yalikuwa hayajamtoka kichwani.

"Samahani, Mwenyekiti. Chuoni tulifundishwa kwamba migomba asili yake ni Asia. Ililetwa na watu, zamani sana."

Mvua ilisikika vizuri juu ya bati.

"Asia ya wapi?" Hezron aliuliza.

"Huko huko. India na kuendelea mbele."

Hezron alifikiri. Aliutazama mgomba, akautazama muda mrefu, kwa jicho la mtu ambaye amekula ndizi zake tangu hajaota meno.

"Hata kama," akasema. "Imeshazoea."

"Sasa kama mgomba umezoea, na babu yake Naima naye alikuja zam..."

"Mtendaji. Mgomba haujaandikwa India mahali popote. Huyu ameandikwa, na mwandiko ni wako."

Aika alishusha kalamu. Esnath alisema kitu kwa Kinyakyusa ambacho wajumbe wote walikisikia na hakuna aliyekitafsiri. Naima alisimama na mfuko wake, na hasira ilimpanda mpaka masikioni. Hakuitoa. Aliogopa kwamba akifungua mdomo atasema neno jingine, na neno la kwanza lilikuwa bado halijamaliza kumgharimu.

Suluhisho lilitoka kwa Hezron mwenyewe, naye alilitoa kwa furaha, kwa kuwa usiku kucha alikuwa anatafuta njia ya kutomfukuza Yunusu bila kuvunja taratibu. Taratibu zilisema kiwanja apewe mwenyeji aliyekitumia kwa zaidi ya miaka kumi na miwili. Mwenyeji wa namna hiyo alikuwepo. Alikuwa amesimama kando ya dumu la maji.

Kamati ilipitisha kwa kauli moja. Aika alichukua fomu mpya.

"Jina la mmiliki?"

"Mgomba," Hezron alisema.

"Ukoo?"

"Andika Mwakalobo," Esnath alisema. "Ulitoka kwa baba yangu."

Mgomba Mwakalobo. Iliandikwa hivyo, kwa wino mweusi. Kwenye warithi yaliandikwa machipukizi yake, yatakavyofuatana, kwa maana mgomba ukishazaa hukatwa na kamati haikutaka kesi mbeleni. Pa kutia dole gumba, Aika alipaka wino ncha ya jani la chini, akaligandamiza kwenye karatasi. Alama ilitoka safi, yenye mistari myembamba. Kisha akafika kwenye mstari wa mwisho, ulioulizia mtu anayekaa kwenye kiwanja na uhusiano wake na mmiliki.

"Niandike nini hapa, dada Naima?"

"Andika ndugu," Naima alisema.

Aika alianza kuandika. Hezron alimzuia kwa kidole.

"Ukiandika ndugu, naye anakuwa mwenyeji. Tutakuwa tumerudi tulikotoka."

"Basi niandike nini?"

"Andika mpangaji."

Ikaandikwa mpangaji. Kodi ilikadiriwa kuwa debe mbili za samadi kila masika, na mpangaji aendelee kupalilia. Naima alitaka kucheka na alitaka kulia. Alichukua kalamu akasaini, kwa sababu kaburi la mama yake lilikuwa limepona. Esnath alimshika mkono njia nzima ya kushuka kilima, na walipofika kwenye daraja la miti alisema anasikia njaa.

Mzee Yunusu aliisoma nakala ya hati akiwa ameisogeza mbali na macho, kwa urefu wa mkono.

"Ana ukoo mzuri," alisema hatimaye.

"Baba, sisi ni wapangaji wa mgomba."

"Nimesoma." Aliikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya msahafu. "Nimekuwa mgeni wa watu tangu nizaliwe. Mwenye nyumba huyu simlalamikii. Hapigi hodi."

Alijaribu kucheka, lakini alikuwa amekwazika, na jioni ile chai yake ilipoa kwenye kikombe. Naima alibadilisha chai hiyo mara mbili. Alilala Lufingo usiku huo na usiku uliofuata, na mwisho wa mwezi alihamishia cherehani moja nyumbani, akawa anakwenda Msasani siku tatu kwa wiki.

Mgomba haukurudi nyuma ya jiko. Ulizunguka nyumba, ukasimama mbele, hatua sita kutoka barabarani, mahali ambapo kila anayepita anauona. Naima alichimba shimo kwa jembe la baba yake, akatia majivu na samadi, debe mbili na ya nyongeza. Mgomba ukaingia wenyewe. Ndani ya wiki tatu ulikuwa umetoa jani jipya, la kijani cha kung'aa, na chini yake machipukizi manne.

Masika hayo mnyauko uliingia Lufingo. Migomba iligeuka njano kuanzia jani la katikati, ndizi zikaiva kwa ndani kabla ya wakati na kunuka. Watu walikata na kuchoma mashamba mazima, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za wazee, kulikuwa na nyumba zilizonunua ndizi. Mgomba Mwakalobo haukuguswa. Aika alisema labda ni kwa sababu ulitembea, udongo ukabadilika. Esnath alisema ni kwa sababu ulikuwa na hati.

Watu walianza kuja kuomba miche. Kwa desturi ya pale mche hauuzwi. Unaombwa kwa mwenyewe, na atakayeupata humletea mwenyewe sehemu ya mkungu wa kwanza. Shida ilikuwa kwamba mwenyewe, kwa mujibu wa hati, ni mgomba. Kwa hiyo walisimama mbele yake mvuani, wakavua kofia, wakausalimia na kueleza haja yao, na Naima alisimama kando na panga akingoja. Jani likitikisika, alichimba. Lisipotikisika, alisema, "Rudi kesho, leo umechoka." Wengine walirudi kesho.

Hezron alikuja wa kumi na moja. Shamba lake lote lilikuwa majivu. Alikaa kwanza kwa mzee Yunusu, wakaongea Kinyakyusa habari za mvua na za waliokufa, akanywa chai. Kisha akatoka, akasimama mbele ya mgomba na kofia mkononi.

"Ugonile," akausalimia.

Akaomba miche miwili. Aliomba kwa muda mrefu, akataja jina la babu yake, akataja idadi ya wajukuu. Jani halikutikisika. Naima aliangalia mvua ikiingia kwenye kola ya shati la mzee, shati alilolishona yeye, na aliona kwamba mshono wa bega la kushoto umeanza kuachia. Hapo nyuma alikuwa amewahi kufikiria siku kama hii, na katika fikra zake aliifurahia sana. Sasa aliona mzee analowa tu.

"Mzee, ingia barazani," alisema. "Nitakuombea mimi."

Alisogea karibu na shina, akaongea kwa sauti ya chini. Alichosema hakuwahi kumwambia mtu. Jani la juu lilitikisika. Alichimba miche miwili yenye mizizi mizuri, akaifunga kwa maganda ya mgomba, akampa. Hezron aliuinamia mgomba, akaushukuru, "Ndaga fijo." Kisha akageuka, akamtazama Naima, na baada ya kusita kidogo akamwambia na yeye.

Kufikia kiangazi, miche ya mgomba huo ilikuwa kwenye nyumba ishirini na tatu. Wale waliopata walianza kupita bila sababu. Mmoja alileta maharage, mwingine alikuja tu kueleza kwamba mche wake una jani la pili. Mzee Yunusu alilazimika kuongeza benchi barazani. Lilian wa kwaya alipanda kutoka mjini na nguo za kuongezwa kiuno, akakaa mpaka saa kumi na moja na kusahau nguo.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika Agosti, uwanjani mbele ya shule. Wamiliki wa ardhi walitakiwa kufika wenyewe, hivyo mgomba ulikuja, ukasimama mwisho wa mstari wa akina mama. Yalizungumzwa maji, ikazungumzwa barabara ya zahanati, zikasomwa taarifa ambazo hakuna aliyezisikiliza. Aika alisoma pia daftari la ardhi, kiwanja kwa kiwanja, na alipofika kwenye kiwanja chao alisoma kama lilivyo: mmiliki Mgomba Mwakalobo, mpangaji Naima Yunusu, asili India.

Esnath aliomba kusimama. Ilimchukua muda kusimama, na watu walimngoja.

"Mimi nina moja tu," alisema. "Hilo daftari lifunguliwe tena. Aliyesema vibaya aseme upya. Aliyeandika vibaya aandike upya."

Palitokea mabishano, ya adabu, lakini mabishano. Waliopinga walisema kwamba ukilifungua kwa mmoja utalifungua kwa wote, na mipaka itaanza kutembea. Walioafiki walisema kwamba mipaka hutembea hata daftari likiwa limefungwa, waulizwe majirani wa mtoni. Hezron alisema suala lipigiwe kura kwa mikono, na kwamba likipita litafanyika mwakani. Kila mtu alijua kwamba mwakani, kwenye ofisi ya kijiji, ni neno lenye nafasi kubwa.

Aika alihesabu waliopinga. Walikuwa arobaini na mmoja. Akahesabu walioafiki, akianzia mbele. Alipita mzee wa jiwe la mpaka, akapita wajumbe wawili wa kamati, akapita watu wengi wa nyumba zile ishirini na tatu, si wote. Alifika kwa Naima, ambaye mkono wake ulikuwa juu.

"Mpangaji hapigi kura," Hezron alisema. Hakusema kwa ukali. "Utaratibu."

Aika alimruka. Alifika arobaini na moja, na mbele yake hapakuwa na mkono mwingine. Wote waligeuka kumtazama mwenyekiti, kwa kuwa kura zikilingana ni yeye anayeamua, na Hezron alivua kofia akaanza kuizungusha mikononi. Mwisho wa mstari wa akina mama, mgomba uliinua jani.

Hakukuwa na upepo. Jani lilipanda taratibu mpaka likasimama wima, na lilibaki hivyo. Aika alitazama hati, akamtazama Hezron. Hezron alilitazama jani kwa muda, kisha akavaa kofia.

"Mmiliki ana haki yake," alisema. "Andika."

Aika aliandika walioafiki kuwa mikono arobaini na moja na jani moja. Hoja ilikuwa imepita. Watu walianza kusimama na kukung'uta nguo, na akina mama wakaulizana nani ana moto nyumbani. Esnath aliinuka kwenye benchi kwa kushika bega la Naima, na bega lilikuwa limekaza, kwa sababu Naima alikuwa bado hajashusha mkono.